Hatua Ishirini na Mbili

Nyumba ya Qurum ina vyumba viwili,
na kati yake ukumbi, hatua ishirini na mbili.
Nimezihesabu. Siku ya tatu hii sina kazi
ila kumfuata Bwana Harub na faili.

Hawa hawataki kuwaona wale.
Wale hawataki hata kusikia viti vya hawa vikisogezwa.
Karatasi inakwenda, karatasi inarudi,
na leo imerudi na neno moja, wino mwekundu:
Kamwe.

Mimi ningelipeleka mbio, nikalale.
Yeye alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu,
akamuuliza aliyeandika, taratibu,
kama anayeuliza bei ya papa sokoni Matrah:
"Kamwe hii, mwisho wake lini?"

Hakuna aliyecheka.
Ila kalamu ilisita.

Kisha akamnong'oneza mpishi:
chai ya yule mwenye mvi isitiwe sukari,
na atafutiwe kigoda, goti lake la kushoto.
Miaka kumi na moja hawajaonana.
Goti hilo halimo katika faili langu.

Saa tisa usiku karatasi ikarudi.
Kamwe imepigwa mstari, lakini yasomeka bado.
Pembeni, kwa herufi za kubana: Jumanne.

Mabaharia tisa wangali kifungoni.
Hakuna mkono uliopewa mkono.
Bwana Harub akavaa makubadhi yake,
la kulia limelika kisigino,
akaniambia nizime taa za ukumbi,
viti niviache.