Wakili

Kituoni waliniuliza kama namtaka mtu.
Nikasema: wakili.
Neno hilo nimelinywea uji Muheza,
sikuona haja ya mkalimani.
Askari akaitikia, vyema,
akanipandisha ghorofa ya pili
kwa kijana mwenye kilemba cha zambarau na kalamu nzuri.
Huyu, akasema, ndiye wakili.

Nikamwaga yote.
Kwa Kiarabu changu cha sabuni
nikamweleza duka la dobi nyuma ya soko la Ibri,
mvuke, kanzu mia kwa siku,
na kwamba dishidasha nambari mia nne na kumi,
ile inayodaiwa kuwa na bahasha,
riyali mia nane ndani yake,
niliipokea mimi, kwa mkono huu.
Na kwamba ndiyo, wiki ile nililalamikia mshahara
nikasema mbele za watu
iko siku nitajilipa mwenyewe.
Nilisema kama mtu anavyosema na wake.
Alikuwa msikivu. Aliandika.
Nikatia sahihi.

Usiku, korokoroni, Msudani mmoja:
Hayo yote ulimwambia nani?
Wakili.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Hapa, ndugu yangu, wakili ni wa mashtaka.
Wa kukutetea anaitwa muhami.

Tangu hapo nayaogopa maneno ya kwetu.
Mahakama, shahidi, dhamana, hukumu,
yote nayajua tangu utoto,
na yote yananipita koridoni
yamevaa vizuri, hayanipi salamu.

Vargisi, mpiga pasi mwenzangu, akanidhamini.
Nikatoka bila pasi zangu mbili:
ya nguo kapewa mwingine,
ya kusafiria imo kabatini mwa serikali.
Tukaanza kumtafuta huyo muhami.
Wa kwanza alitaka riyali elfu na mia mbili
na hakuinua macho kwenye simu.
Wa pili, mwungwana, alitukaribisha kahawa, tende,
akasoma jina la mlalamikaji, akaifunga faili polepole:
ni mtoto wa shangazi yangu.
Wa tatu alikuwa amehamia Maskati,
kibao chake tu ndicho kilichobaki.

Bi Ghaniya binti Khalfan ana ofisi juu ya duka la matairi.
Bibi yake alizaliwa Wete,
akamwachia mbuzi ya kukunia nazi
na Kiswahili kisichotoka jikoni:
mwiko, kata, koroga, nyamaza.
Akanitazama.
Umekula?
Sikuwa nimekula. Akaagiza mkate na maharage,
akangoja nimalize,
kisha, kwa lugha aliyonayo:
Ulidokoa?

Miezi miwili nilikuwa mtuhumiwa wa kifungu fulani.
Hapo nikawa mtoto na chungu.
Sikudokoa, nikasema,
na sauti ikanikatikia.

Nikampa daftari langu. Miaka sita
ya vilivyosahauliwa mifukoni, kwa mwandiko wangu:
Nambari 88, riyali tano, amerudishiwa.
Nambari 211, dawa ya presha, nimempelekea nyumbani.
Nambari 305, pete, mwenyewe amelia.
Nambari 340, jino la maziwa, limo kwenye kopo, hajaja.
Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari.
Jino la maziwa, akauliza, ni jino au ni chakula?
Nikamwonyesha kwa kidole, mdomoni.
Akaliandika kwa Kiarabu pembeni.

Na pesa yako?
Vargisi kaweka arubaini juu ya meza.
Akahesabu, akaandika risiti.
Iliyobaki tutaizungumza.

Leo ni Jumapili. Kesi imeahirishwa mara tatu,
mara moja kwa sababu ya Idi.
Sijui itakuwaje.
Ile sahihi yangu imo ndani ya faili yao, haifuliki.
Karani anaita, Shekhe Iyondo,
maana Shekiondo hajawahi kulisikia,
na watu wanageuka kumtafuta shekhe.
Nasimama mimi, na kanzu ya kuazima.

Bi Ghaniya yuko mbele yangu, joho jeusi begani,
harufu ya udi na karafuu.
Hageuki. Ananong'ona
kama bibi yake alivyomwambia, kijiko mkononi:
Wewe nyamaza.
Nitasema mimi.