Kivuli cha Saa Nne

Baba yangu, Ampelio, alichora madirisha
yasiyofunguka.
Hapa kwetu Liguria nyumba ni ndefu na nyembamba,
zimebanana kama watu kwenye foleni ya pensheni,
na ukuta usio na dirisha huonekana kipofu;
basi mwenye ukuta humwita mchoraji,
naye hupanda jukwaa na ndoo ya chokaa mbichi
kuutia ukuta macho.

Vibao vya kijani, bawaba, kutu ya bawaba,
kizingiti cha marumaru ambayo si marumaru,
na kwa mjane Ersilia, kwa ombi lake na malipo ya ziada,
paka.
Njiwa walikuja kutua, wakateleza, wakapapatika,
wakarudi kesho yake.
Kizingiti walikiamini. Paka hawakumwamini.

Nilikuwa na miaka tisa, nimemshikia ngazi,
na padri alikuwa ametuambia Jumapili
kwamba uongo ni uongo, hauna mdogo wala mkubwa.
"Baba, huu ni ulaghai?"
Akapangusa brashi kwenye suruali.
"Ulaghai una risiti, Nives.
Aliyemuuzia babu yako mizeituni ya jirani
alimpa na mhuri."

Siku nzima tukayajaribu maneno
kama watu wanaochagua viatu sokoni.
Ghiliba: hiyo husubiri usinzie.
Hadaa ina meno meupe.
Unafiki huleta keki msibani
kisha huhesabu vijiko.
Kilemba cha ukoka alivikwa mfamasia Gaudenzio
kila mwaka wa uchaguzi, mpaka shingo ikampinda,
na kwa mgongo wa chupa mji huu umepakwa mafuta
hata ngazi za kanisa zina utelezi.

"Kiinimacho, basi."
"Umekaribia. Ila mwenye mazingaombwe huficha mkono.
Wangu huu hapa, umeungua chokaa."

Halafu akanionyesha kivuli.
Chini ya kila kibao alikuwa amevuta mstari wa kijivu,
mlalo, unaoelekea kanisani.
"Hiki ni kivuli cha saa nne asubuhi.
Saa nne, jua likipiga hapa,
vivuli vya kweli vya jirani hulala hivi hivi,
na kwa robo saa dirisha langu halisemi uongo.
Mchana kila mtu atajua.
Mwongo mbaya ni yule anayesahau
jua liko wapi."

Nilikua. Nilijifunza uhasibu,
kazi ambayo nayo ina vizingiti vyake vya kuchora.

Mwezi Machi, hospitalini Genova,
daktari alinivuta kando karibu na mashine ya kahawa
akasema ini, akasema wiki, akaangalia saa yake.
Niliosha uso. Nikapaka wanja. Nikaingia.
"Vidonda vya tumbo, Baba. Vidonda tu,
utakunywa maziwa, utachukia maziwa, utapona."
Nilitabasamu kwa ustadi,
nikaweka na bawaba, nikaweka na kutu.

Alinitazama kama anavyotazama kazi ya mwanagenzi.
"Nzuri," alisema. "Mdomo umetoka vizuri."
Kisha, polepole:
"Lakini kivuli umekilaza upande usio."
Akageuza kichwa kwenye dirisha,
la kweli, la alumini, lililokwama,
na tukaulizana bei ya maegesho.

Neno la nilichofanya bado sinalo.
Si hila. Hila ingenifaidi kitu.
Uzuri wa mkakasi, husema watu,
ndani kipande cha mti;
lakini mti nao ni kitu, jamani,
mti hushikika.

Mwaka jana walipaka upya nyumba ya Ersilia.
Vijana wawili, rangi ya plastiki, siku mbili.
Madirisha yamerudi, kijani kibichi, yamenyooka,
paka wamemfuta,
na kivuli hawakuweka kabisa.
Njiwa hupita moja kwa moja.