Hesabu ya Nyuzi

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.
Funguo, vijiko, mikasi ya chumba cha kushonea,
wanawake mia na kumi na wawili asubuhi,
wanawake mia na kumi na wawili usiku,
na kila Jumatano, saa nane mchana,
nyuzi nne za selo.

Nne zikiingia, nne zitoke.
Ndivyo lilivyotaka daftari la lango la pili,
maana uzi wa chuma, alisema mkuu wetu,
una shingo yake unayoitafuta.

Bi Zelma Krastiņa alikuja kwa basi kutoka Riga,
selo mgongoni kama anayembeba ndugu mgonjwa.
Alishastaafu okestra; kidole kimoja kilikuwa kimepinda.
Theluji ilimyeyukia mabegani huku mimi nikichungulia
tumbo la ala ile kwa tochi na kioo cha daktari wa meno,
nikitafuta nisichokijua.
"Utakuta giza tu," aliniambia,
"na hilo giza ndilo linaloimba."
Nikaandika: nne.

Wanafunzi walikuwa saba, wakabaki watatu,
akabaki Skaidrīte.
Miaka tisa. Kosa lake silitaji, hata yeye hakulitaja.
Mwaka wa kwanza alipiga kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Tulicheka, sisi wa zamu, chai ikatutoka puani.
Yeye akapaka ulimbo upindeni, polepole,
kama anayempakia siagi mtoto wa mwenzake,
akaanza tena.
Na tena.
Mistari ileile sita,
hadi mpishi akawa anakoroga uji wa shayiri kwa mapigo yake
pasipo kujua.

Februari ya mwaka wa tatu, mto Daugava umeganda hadi kitovuni,
nilihesabu: tatu.
Nikarudia kwa kidole, kama mtoto wa chekechea.
Tatu.
"Baridi imeukata," alisema Bi Zelma, "nimeutupa,"
ila kudanganya hakukujua; masikio yalimwiva.
Sheria iko wazi: king'ora, magodoro yapasuliwe,
wanawake wote uani kwenye barafu.
Mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe.
Sijui nani ndani yangu alisema, ngoja usiku.

Saa saba ya usiku nilipita ukumbi wa tatu, viatu mkononi.
Niliusikia kabla sijauona:
noti moja, nene, ya chini,
nyuki aliyekwama ndani ya mkate.
Alikuwa ameuwamba kati ya miguu miwili ya kitanda,
kipande cha sabuni kikiuinua,
akiudonoa kwa ukucha
kwa ajili ya Olesja wa kitanda cha juu,
ambaye tangu apokonywe mtoto alikuwa halali.
Olesja alikuwa amelala. Mdomo wazi, mate shavuni.

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema.
Langu lilikufa miaka kumi na tisa,
likazikwa chini ya milango ya chuma inayobamizwa,
na usiku ule, nimesimama na soksi kwenye saruji,
lilisikia.

Skaidrīte aliniona. Hakuuficha.
Alinitazama kama mtu anayengoja kutajiwa bei.
Nikahesabu, sina jingine ninalolijua:
uzi mmoja, sabuni moja,
aliyelala mmoja, walio macho wawili.
Nikarudi langoni. Nikachukua kalamu.
Nikaandika: nne.

Kama mlitaka aishie jukwaani, gauni jeusi na maua, samahani.
Skaidrīte yuko Jelgava, anaoka mkate mweusi, selo haigusi.
Nilimkuta sokoni, tukasema habari za viazi,
vidole vyake vikicheza juu ya mpini wa kikapu,
mistari sita, nadhani. Sikuuliza.

Bi Zelma tumeshamzika.
Daftari liko ghalani, limepigwa muhuri,
namba zake zote za kweli nimezisahau.
Na Jumatano, saa nane ikigonga,
bado natia mkono mfukoni
kutafuta tochi.