Hesabu Yangu na Ngedere

Mvua ya Desemba imechora mchanga wa Ipole,
nami, Nyanzala binti Mlekwa,
nimeamka kabla ya jogoo mpya wa Kashindye,
nikachukua ndoo ya rangi
iliyobaki tulipopaka darasa la pili,
na kisu kisicho na mpini.

Uyoga hauna shamba.
Leo uko kwenye kichuguu hiki, kesho umehama
kama mdeni.
Ukichelewa, funza wameshaingia.
Ukichelewa zaidi, basi la Mpanda limeshapita
na njaa za abiria wake.

Kichakani nimemkuta kobe
akila uyoga mwekundu, taratibu,
kama mstaafu anayesubiri pensheni.
Mama alinichapa mara moja tu maishani,
na ilikuwa kwa ajili ya kobe huyu, au babu yake.
Nilisema: mbona yeye anakula na hafi?
Akanitupia fimbo, akatupa na uyoga wangu.
"Kobe ana tumbo lake.
Hilo lako nilikupa mimi."
Tangu siku hiyo najua
mnaweza kukaa meza moja porini
na msishiriki sahani.

Lakini nilitaka kusema habari za ngedere.

Machi walikuja, sikuwaalika.
Mume mtu, wake, mashemeji,
na kitoto kimening'inia tumboni kama mkoba.
Wakavunja mahindi,
kila hindi wakiling'ata mara moja na kulitupa,
kama wanaochagua kanga dukani.
Mistari mitatu. Karanga nazo.
Na boga nililokuwa nimemwahidi mgonjwa.
Mihambo wangu alipiga debe
mpaka debe likapasuka.
Kashindye alipaka ndizi sumu, akazitawanya mpakani.
Akafa jogoo.

Usiku nikafungua daftari la kikoba, ukurasa wa nyuma:
Ngedere, mahindi, debe moja na nusu.
Debe lenyewe, moja.

Kisha Juni ntalali zikaiva.
Nilikwenda na wanangu, tukaupanda mti
ambao asubuhi ile ulikuwa na wenyewe.
Wakahamia mti wa pili, wakatukodolea macho.
Ndoo mbili. Tukauza kwa vikombe kule stendi,
vidole vyetu vyeusi kama siku ya kura.
Hakuna aliyetupigia debe.

Hapo hesabu ikaanza kunisumbua.
Kwa sababu shamba langu,
kabla ya shoka la Mihambo,
lilikuwa mikusu kumi na saba.
Nayajua mashina yake kwa majembe yaliyokatikia pale.
Moja sijaling'oa bado,
ndilo nalikalia nikipukuchua mahindi,
nikiwalaani walioingia shambani kwangu.

Nani aliingia kwa nani?
Daftari la kikoba halina safu ya jambo hilo.
Lina akiba, lina mkopo, lina faini ya kuchelewa.

Leo ndoo imejaa, uyoga wa manjano
wenye harufu ya udongo uliotoka kuamka.
Nikakatisha chini ya mkusu mkubwa, ule wa bondeni
ambao shoka halijaufikia,
nikasikia: pu.
Pu tena.
Juu, mkia mmoja mrefu,
mkono unachuma, unanusa, unaachia.
Makusu yakaniangukia miguuni.
Yenye meno nikayaacha kwa siafu.
Mazima yalikuwa sita.

Nikatazama juu, akatazama chini.
Uso wake ule mweusi hausemi kitu,
kama wa mweka hazina wetu.
Sijui kama alikuwa anatupa
au analipa.

Honi ikalia barabarani.
Nikafunga makusu kwenye pindo la khanga, nikakimbia,
uyoga ukirukaruka ndoani,
na nyuma yangu, bila haraka yoyote,
pu.