Chumvi ya Barabarani

Saa tisa za usiku, depo ya Buxton,
napanda lori na chupa ya chai ya tangawizi.
Chumvi ya hapa si nyeupe: ina rangi ya matofali,
mchuzi ungeikataa.
Tani tisa mgongoni. Kipimajoto: hasi nne.
Clive Ollerenshaw anagonga mlango kwa kiganja,
ndiyo salamu yake, miaka kumi na mmoja sasa.

Januari ile theluji ilizika kuta za mawe.
Ambulansi ilinifuata nyuma mpaka bondeni,
ndani yake mama mwenye uchungu.
Mtoto alizaliwa salama. Mimi nilizaliwa gazetini:
kofia imepinda, jina limekosewa herufi mbili.
Meya alinishika mkono mpaka ukafa ganzi.
Watoto wa shule wakaliita lori Malkia.
Bi Hazel wa duka la mikate akakataa pesa yangu
wiki tatu nzima. "Siku, kwako ni bure."
(Sikudhani ni refu mno mdomoni mwao.)
Wakasema niliunusa upepo kabla haujavuma,
kwamba kona za mlima nazikata nimefumba macho.
Wakatia chumvi, jamani, wakatia,
zikazidiwa tani zangu tisa.

Nilikuwa naelekea huko tu.
Njia namba sita, mpaka bondeni na kurudi.
Sikujua hata kama kuna mtu nyuma yangu
hadi taa za buluu zilipocheza kwenye kioo.

Mgema akisifiwa... mwisho wake mnaujua.
Ila huku, tembo likitiwa maji
linaganda, na watu wanavunjika nyonga.

Novemba ikaja na mvua saa kumi,
baridi saa kumi na moja.
Chumvi ikaoshwa mtaroni, lami ikawa kioo.
Vani ya maziwa ikaserereka kona ya kanisa,
ikalala ubavu, barabara nzima nyeupe,
dereva ameshika mkono wake, hai, anatukana.
Gazeti lile lile. Safari hii jina waliliandika sawasawa.
"Alisinzia," wakasema. "Huko kwao wanaijulia wapi barafu?"
Bi Hazel akahesabu chenji yangu
peni kwa peni, macho kwenye droo.

Nyumbani nikavua buti, nikajiuliza bila shahidi.
Mvua si yangu. Saa si yangu.
Lakini kuna hatua arobaini, kabla ya kona ile,
bonge lilipoziba mdomo wa mashine,
nikasikia mlio umebadilika,
nikasema, utazibuka wenyewe.
Ulizibuka.
Hatua hizo arobaini hakuna aliyezitaja.
Nikaziandika mimi kwenye daftari la zamu, kwa wino.
Clive akasoma, akakuna kidevu.
"Hakuna aliyeuliza," akasema.
Najua.

Na nyuma ya stakabadhi ya mafuta, nikingoja injini ipate moto:

*Leo mkono wanipa, kesho wanipa kisogo,*
*Barafu haina pupa, huja polepole, ndogo,*
*Nami nilipo ni hapa, usukani si mzigo,*
*Chumvi yangu naitupa, sitii hata kidogo.*

Sitii. Ya kutia, au ya kutii?
Sikuamua. Injini ilikuwa tayari.

Usiku huu theluji ni nyembamba, ya kichokozi.
Dirisha la mikate lina taa, tanuri limeshawashwa.
Bi Hazel ameinua mkono:
kunipungia, au kufuta ukungu wa kioo,
sikuweza kujua, na lori halikupunguza mwendo.
Karibu na kanisa ndipo ninaposimama.
Nashuka na spana, nagonga mdomo wa mashine
mara mbili, naingiza kidole cha glavu, nasikiliza.
Chumvi inamwagika juu ya buti zangu.
Napanda. Njia namba sita,
mpaka bondeni na kurudi.