Hodi ya Kabatini

Mashine yenyewe ni laptopu ya mtumba,
kioo kimepasuka, kitufe cha N hakipo.
Niliinunua kwa fundi Mbwana hapa Jadida
kwa bei ya mbuzi mgonjwa.
Nimeilaza kwenye kabati la mama, rafu ya pili,
nikatoboa mgongo wa kabati nipitishe waya,
na kila unga wa mvule ulioanguka
ulinianguka mie.

Mama, Bi Mize, alizalisha nusu ya Wete.
Gando, Ukunjwi, Mtambwe, walimfuata
kwa baiskeli, kwa gari ya ng'ombe, kwa miguu na karabai.
Kila mtoto aliandikwa: usiku gani, maji makuu au mafu,
uzito kwa mizani ya sukari, jina la mama, jina la baba.
Pengine, kwenye jina la baba, mstari mtupu,
na pembeni, kwa penseli hafifu,
neno la kusomwa na mtu mmoja.
Ufunguo wa kabati aliufunga penye pindo la kanga.
Akioga, alioga nao.

Daftari kumi na moja.
La kwanza mchwa wamelila mpaka Shaabani.
"Yaweke mawinguni," aliniambia kijana wa duka la simu.
Mawingu ya nani, mwanangu?
Siri za watu wa Gando zikanyeshee wapi?

Wete ina bandari moja, na gati lake tunalijua.
Mashine hii ina bandari elfu sitini na tano na ushei.
Nimezifunga zote, nimebakisha moja,
nambari yake sikwambii.

Usiku wa mwanzo nikafungua kitabu cha wabishaji.
Mara mia tatu kabla ya alfajiri!
Admin, test, admin tena,
hodi bila salamu, mkono tayari kwenye kitasa,
wakijaribu nywila moja moja
kama mwizi na shada la funguo za kuokota.
Kwetu hodi ni tatu; usipoitikiwa, geuka.
Hawa hawakufunzwa.
Basi nywila nikazipiga marufuku.
Neno lina masikio. Aingie mwenye ufunguo.

Nikampigia dada yangu Biubwa, mkunga naye, zamu ya usiku Unguja:
tengeneza jozi, kufuli na ufunguo wake.
Kufuli nitumie, mtaa mzima ukiliona si neno.
Ufunguo usimpe mtu. Hata mie.
Akanitumia ufunguo.
Tena kwenye kundi la ukoo, watu arubaini na wawili.
Shangazi Raya akajibu, "Amin."

Tukautupa, tukaanza upya.
Umeme ukakatika. Uliporudi, anwani yetu ya nje imeshabadilika,
maana huhama kila giza likiingia, kama mpangaji mwenye madeni.
Nikaifunza mashine iitwe kwa jina, nambari izunguke itakavyo.

Saa saba na robo, mstari mmoja tu:
biubwa ameingia.
Taa ya kijani ikapepesa kwenye tundu la ufunguo.
Nikamsikia simuni anasoma, anacheka:
"Mwanamke, maji mafu, alianza kulia kabla hajatoka.
Shaame! Huyu si mwalimu mkuu wetu?"
Akasoma tena, kimya kimya, kurasa nyingi.
Kisha: "Wa tisini na nne unanikataa."

Najua.
Ni mwaka wangu. Niliupiga picha nikitazama dirishani,
nikauondolea ruhusa:
wageni, hapana; jamaa, hapana; mwenyewe, hapana.
Amri ya kuurudisha ni fupi,
haihitaji hata ile N.

"Hutaufungua?"
Feni ya mashine ilikuwa ikizunguka ndani ya mvule.
Nikamwambia, maliza zamu yako kwanza.