Miaka Minne na Miezi Saba

Karani Tenywa amenigeuzia karatasi,
kidole chini ya jumla:
miaka kumi na mmoja ya kiwanda cha nguo, hapa Jinja,
ikihamia mfuko wa kazi yangu mpya
itahesabiwa miaka minne na miezi saba.

Si wizi, anasema. Ni hesabu.
Kule una chungu; ukikikomba, kimekwisha.
Huku ni kisima: kila mwezi ndoo yako, hadi kaburini,
na nusu ndoo kwa mjane.

Mke wangu alitaka chungu.
Vyumba vinne vya kupangisha, Bugembe; mabati keshaulizia bei.
Siku ya tatu tunalala mgongo kwa mgongo.

Natia sahihi.
Haba na haba, walituambia.
Hawakusema kibaba kikihama humwagika njiani.

Ila nijibu, Tenywa:
katika ile sita na ushei iliyodondoka
umeacha nje mwezi upi?
Ule mashine ilipomla Menya vidole?
Ule wa pacha, mke wangu akaitwa Nabirye?
Zamu za usiku, pamba puani,
nani kazipokea?

Tenywa anagonga muhuri.
"Nakala yako hii. Usiipoteze."